Ala za Miaka ya 1980 Ndani ya Laptopu: Kilichofunguka kwa Wapiga Kinanda wa Uganda

Mtu yeyote aliyehudhuria ibada, harusi au dansi mjini Kampala, Jinja au Mbale katika miaka thelathini iliyopita ameisikia DX7, sintesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) ya Yamaha, hata kama hajawahi kuiona kwa macho. Ile sauti ya piano ya umeme yenye mlio wa kengele kwa juu, ambayo mpiga kinanda wa kanisani huikimbilia mara tu mchungaji anaposhusha sauti na kuanza kuomba, ilipata umaarufu ndani ya mashine iliyotolewa na Yamaha mwaka 1983. Vinanda vya bei nafuu vilivyokuja baadaye, vile vilivyojaa makanisani mwetu na kwenye kumbi za harusi, viliichukua sauti hiyo na kuiweka katika orodha zao za piano, nayo imebaki humo hadi leo. Tumeipiga, tumeiimbia, tumeirekodi, lakini ni wachache sana kati yetu waliowahi kuifungua na kuona imeundwa na nini. Tulibonyeza namba, sauti ikatoka, tukaendelea na wimbo.

Hilo ndilo linalobadilika sasa. Programu za kompyuta zinazoiga sintesaiza za kidijitali za zamani zimetufanyia jambo ambalo vyombo vyenyewe havikutufanyia: zimetuingiza ndani ya sauti. Katika studio ndogo ninayofanyia kazi Ndeeba kuna laptopu moja, kadi ya sauti, spika mbili, na kinanda cha MIDI, yaani kinachoiambia kompyuta noti gani imepigwa na kwa nguvu gani, kisicho na sauti yake chenyewe. Ndani ya laptopu hiyo mna DX7, mna M1 ya Korg, na mna vyombo vingine ambavyo katika miaka yao mwanamuziki wa Uganda alivisikia redioni tu. Nataka kueleza kwa nini naviona hivi kuwa vyombo kamili, si vivuli vya vyombo, na kwa nini naamini faida yake kubwa kwetu haiko katika kurudisha sauti za zamani, ingawa zinarudi vizuri sana.

Nianze na tofauti ambayo maprodyuza wengi huipita haraka. Sintesaiza ya analogi, mfano zile za miaka ya 1970, hutengeneza sauti kwa umeme unaopita katika transista na kapasita. Joto la chumba likipanda, sauti nayo huhama. Vyombo viwili vya kiwanda kimoja huweza kutofautiana. Kapasita ikizeeka, tabia ya chombo hubadilika. Anayeiga chombo cha namna hiyo kwa programu analazimika kukadiria kwa hesabu kitu ambacho chenyewe hakikuwa hesabu. Sintesaiza ya kidijitali ni jambo jingine kabisa. Ndani yake sauti ni namba tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na namba hizo hukokotolewa kwa kanuni zilizochongwa ndani ya chipu. Saba kujumlisha tano ni kumi na mbili kiwandani Hamamatsu, na ni kumi na mbili Ndeeba. Ukizijua kanuni zote, pamoja na mahali ambapo chipu ilikata tarakimu kwa kukosa nafasi, programu yako itakuwa inafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na DX7. Kinachobaki nje ya hesabu ni hatua ya mwisho, yaani kigeuzi kinachobadili namba kuwa umeme wa kwenda kwenye spika. DX7 ya kwanza ilitumia kigeuzi cha biti 12 kilichosaidiwa na saketi ya kurekebisha kiwango, na hapo ndipo ulipotoka ule mchakacho mwembamba unaosikika noti inapofifia. Huo nao unaweza kupimwa na kuandikwa katika programu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba programu haiwezi kuwa na roho ya mashine. Wakisema hivyo juu ya chombo cha analogi, nitawasikiliza. Wakisema hivyo juu ya DX7, ningependa kwanza waniambie roho hiyo ilikaa wapi, maana ndani ya mashine ile hamkuwa na kitu kingine kilichotunga sauti isipokuwa kujumlisha.

Nasema kujumlisha kwa maana kamili, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya niiheshimu mashine ile kuliko wakati nilipokuwa naisikia tu. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Mwaka 1967 John Chowning, mtunzi wa muziki aliyeanza kama mpigaji wa ngoma, alikuwa akijaribu kuitetemesha sauti kwa kompyuta. Alipoongeza kasi ya mtetemo kupita pale sikio linapoweza kuufuata, hakusikia tena noti inayotikisika. Alisikia rangi mpya ya sauti. Wimbi moja rahisi la sini likiyumbisha masafa ya wimbi jingine rahisi huzaa mawimbi mengi pembeni, njia inayoitwa FM, na kwa namba mbili au tatu tu mtu anaweza kupata kengele, tarumbeta au kibao cha mti. Chowning alichapisha matokeo yake mwaka 1973. Makampuni ya vinanda ya Marekani yaliyoonyeshwa ugunduzi huo hayakuutaka. Yamaha iliuchukua kwa leseni katikati ya miaka ya 1970, na hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, iliyotolewa mwaka 1977 ikawa miongoni mwa hataza zilizoiingizia Stanford fedha nyingi. Muda wa hataza hiyo uliisha katika miaka ya 1990. Wapenzi wa ala hizi hawalitaji jambo hilo mara nyingi, ilhali bila hilo programu za bure za FM zisingesambaa kwa uhuru tunaouona leo.

DX7 inatumia mawimbi sita ya sini kwa kila noti. Kila wimbi pamoja na mkondo wake wa kupanda na kushuka huitwa opereta, na opereta hao sita wanaweza kuunganishwa kwa njia 32, ambazo Yamaha iliziita algoriti: nani anayesikika, nani anamyumbisha nani. Mashine inaweza kutoa noti 16 kwa wakati mmoja, kwa hiyo chipu yake inapaswa kukokotoa opereta 96 kwa kila sampuli moja ya sauti, na sampuli hizo ni takriban 49,000 kwa sekunde. Hesabu hiyo inakaribia opereta milioni tano kila sekunde, kwa teknolojia ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kuzidisha namba ndani ya chipu kulikuwa kazi ya gharama kubwa.

Wahandisi wa Yamaha walilikwepa tatizo hilo kwa kutozidisha. Mwaka 2021 Ken Shirriff, mhandisi Mmarekani anayechambua chipu za zamani, aliifungua chipu ya DX7, akaipiga picha kwa hadubini na kueleza hadharani kilichomo. Jedwali la sini lililohifadhiwa ndani yake halina thamani za sini zenyewe bali logi zake, na lina robo tu ya wimbi, kwa kuwa robo tatu zilizobaki hupatikana kwa kugeuza na kupindua robo hiyo. Kila aliyesoma hesabu za sekondari kwa kitabu cha logi anajua matokeo yake: ukitaka kuzidisha, jumlisha logi, kisha rudi kwenye jedwali kutafuta jibu. Ukubwa wa sauti unajumlishwa na logi ya sini, jibu linapita katika jedwali la pili, na wimbi linatoka likiwa na kimo kinachotakiwa. Majedwali hayo yana mpaka wa usahihi wake. Pale namba inapokatwa ili itoshe, kosa dogo linazaliwa, na makosa hayo madogo yakiyumbishana kutoka opereta hadi opereta hutoa ule ukali wa kioo ambao watu wamekuwa wakiuita tabia ya DX7.

Sasa tazama jinsi programu zinavyolishughulikia jambo hilo. Dexed, programu ya bure na ya chanzo huria ambayo ningemshauri kila mpiga kinanda aanze nayo, imejengwa juu ya msimbo wa FM ulioandikwa awali kwa ajili ya simu za Android, na inakuruhusu kuchagua injini. Kuna injini ya kisasa ya biti 24 isiyo na uchafu wowote, kuna inayoiga ukokotoaji wa DX7 ya kwanza, na kuna inayofuata chipu za OPL, zile zilizokuwa ndani ya kadi za sauti za kompyuta za mwanzo wa miaka ya 1990. Chukua sauti ya besi yenye opereta anayejiyumbisha mwenyewe, ishike noti moja ya chini, kisha badilisha injini huku sauti ikiendelea. Katika ile ya kisasa besi ni laini na imesimama. Katika ile ya zamani kuna mkwaruzo pembeni mwa noti, na ukiichanganya na ngoma nzito mkwaruzo huo ndio unaoifanya besi isikike hata kwenye spika ndogo ya simu. Kwa muziki wa dansi mimi hutumia injini ya zamani karibu kila mara. Nikitaka kutunga sauti mpya inayokaribia chombo cha asili, hutumia ya kisasa. Waandishi wa programu nyingine, kama Plogue wa Kanada na chipsynth OPS7 yao, wamekwenda mbali zaidi na kuziiga chipu zenyewe pamoja na kigeuzi chake, na kazi yao ni ya uaminifu mkubwa.

Kuna jambo moja dogo ambalo huwasumbua wengi. Kinanda cha DX7 ya kwanza hakikuwa kikituma nguvu ya kidole hadi kiwango cha mwisho cha MIDI, yaani 127, hata ukikipiga kwa ngumi. Sauti zake za kiwandani zilitungwa na watu waliokuwa wakizisikia kwa vidole visivyofika huko. Kinanda cha MIDI cha leo kinafika 127 kwa urahisi, na kwa kuwa katika FM nguvu ya kidole huongeza ukali pamoja na ukubwa wa sauti, ile piano tunayoijua inageuka kuwa bati. Mtu akisikia hivyo husema programu haifanani. Punguza kiwango cha juu cha nguvu ya vidole katika kinanda chako hadi karibu na 100, kisha usikilize tena kabla ya kutoa hukumu.

Kuhusu ala nyingine nitasema kwa kifupi. D-50 ya Roland ya mwaka 1987 ilitokana na hoja nzuri ya kisikio: mtu hutambua chombo kwa sehemu yake ya kwanza, ule mguso wa kuanza, kwa hiyo wakati kumbukumbu ilikuwa ghali Roland walirekodi miguso hiyo mifupi na kuacha mwili wa sauti utengenezwe na sintesaiza. M1 ya Korg iliyofuata mwaka 1988 ilikuwa na megabaiti 4 za sauti zilizorekodiwa, ikauzwa kwa wingi, na piano yake ikaingia katika muziki wa hausi duniani kote. Makampuni yote mawili yanauza programu rasmi za ala hizo, na kwa kuwa rekodi ni zilezile, hapa hakuna ubishi mkubwa wa kufanana. Kinachovutia zaidi kifundi ni kazi ya kikundi kijiitacho The Usual Suspects, kilichoiga kichakataji cha Motorola kilichokuwa ndani ya sintesaiza nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikiwemo kile cha Access Virus ya Ujerumani na cha Nord Lead 2X ya Uswidi. Hawakuandika upya sauti hata moja. Waliandika kichakataji, kisha programu asilia ya kiwandani inaendeshwa juu yake bila kujua kwamba haimo tena katika sanduku lake. Programu hiyo ya kiwandani ina hakimiliki na haigawiwi pamoja na kazi yao, jambo ambalo ni haki na linapaswa kuheshimiwa.

Kwa nini basi hatukuzifungua sauti hizi zamani, wakati mashine zilikuwapo? Sababu ya kwanza ni bei, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni umeme. DX7 nyingi zilizosafiri duniani kama mitumba zilitengenezwa kwa soko la Japani, lenye volti 100, na swichi ya kubadili volti haimo. Ukiichomeka kwenye soketi ya Uganda yenye volti 240 bila transfoma, ugavi wake wa umeme unaungua hapo hapo. Mafundi wa Katwe wanaweza kuufufua, nami nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja nikimtazama akifanya hivyo kwa uvumilivu ambao unastahili makala yake peke yake. Lakini hata akimaliza, betri ndogo ya volti tatu inayolinda kumbukumbu mara nyingi imeshakufa, na sauti zote 32 zimepotea mpaka zipakiwe upya kwa MIDI.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo haikuwahusu Waganda peke yao. Sauti moja ya DX7 ina vigezo zaidi ya 140, na mashine ilikupa skrini ya mistari miwili ya herufi 16, vitufe bapa visivyobonyea, na kitelezi kimoja cha kubadili namba. Ulikuwa unaiona sauti kipande kimoja kwa wakati mmoja, huku vingine vyote umevishika kichwani. Hata Marekani na Ulaya wanamuziki wengi waliishia kununua katriji za sauti zilizotungwa na wachache waliokuwa na moyo wa kuvumilia. Programu imeliondoa pazia hilo. Opereta sita wanaonekana pamoja kwenye kioo kimoja cha laptopu, kila mmoja na mchoro wa mkondo wake, na unaweza kumzima mmoja mmoja kusikia anachangia nini. Kijana ambaye hajawahi kugusa sintesaiza huelewa ndani ya jioni moja kwa nini piano ya umeme ina kengele: kuna opereta mmoja mwenye masafa ya mara kumi na nne ya noti, anamyumbisha mwenzake kwa muda mfupi tu wa mwanzo, kisha ananyamaza. Ukimzima, kengele inaondoka na inabaki piano butu.

Faida nyingine ni udogo wa kitu chenyewe. Benki nzima ya sauti 32 ina ukubwa wa baiti 4,104. Sauti moja imebanwa katika baiti 128, pungufu ya ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160. Katika nchi ambayo data tunainunua kwa vifurushi, na juu ya kila kifurushi kuna ushuru wa asilimia 12 tangu mwaka 2021, hilo si jambo la kudharau. Prodyuza wa Gulu na mpiga kinanda wa Busia wanaweza kutumiana kwa WhatsApp kila sauti waliyotunga maishani mwao bila kifurushi kutikisika, na yule asiye na laptopu anaweza kuendesha MiniDexed, programu ya bure inayoigeuza kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kuwa sawa na DX7 nane zilizopangwa pamoja. Kaskazini mwa nchi, wanamuziki Otim Alpha na Leo Palayeng walishaonyesha siku nyingi kwamba muziki wa harusi wa Kiacholi unaweza kuhamia ndani ya kompyuta bila kupoteza mwendo wake. Kwa hiyo sizungumzii ndoto ya mbali. Ninaomba tu kwamba badala ya kupakua plagini (programu za ala kama hizi) za kulipia zilizovunjwa kinga, ambazo nyingi huja na virusi, tushike hizi za bure zilizotolewa kwa moyo mkunjufu na tuzijue mpaka mwisho wake.

Nieleze basi ninachokifanya nazo, kwa sababu hapo ndipo imani yangu ilipo. Amadinda ya Buganda ina vibao kumi na viwili vya mti vilivyolazwa juu ya migomba, na hupigwa na watu watatu: omunazi anaanza, omwawuzi anaingiza noti zake katikati ya noti za mwenzake, na omukoonezi anaokota kwenye vibao viwili vya juu ule wimbo unaozaliwa kati yao. Si chombo rahisi kurekodi katika chumba kidogo, na rekodi zake zinazouzwa mtandaoni huwa zimevutwa ili zitoshee piano ya Ulaya yenye noti kumi na mbili kwa oktavu, jambo linaloua chombo. Ngazi ya amadinda ina noti tano kwa oktavu, zinazokaribia kuachana kwa umbali sawa. Oktavu ikigawanywa katika senti 1,200, kila hatua ni kama senti 240, na umbali huo haupo kwenye piano.

Kibao cha mti kilicho huru ncha zote mbili hakitetemi kwa masafa ya moja, mbili, tatu, kama uzi wa gitaa unavyofanya. Kwa kibao chenye unene uleule kote, mtetemo wa pili ni takriban mara 2.76 ya ule wa kwanza, na wa tatu mara 5.40. Namba hizo zinapatikana kikamilifu katika FM ya Yamaha. Ninachagua algoriti ya 5, yenye jozi tatu za opereta. Opereta wa 1, wa 3 na wa 5 ndio wanaosikika: wa kwanza namweka kwenye 1.00, wa tatu namweka kwenye 2 na kuongeza 38 katika kipimo kidogo, kwa kuwa 2 mara 1.38 ni 2.76, wa tano namweka kwenye 5 na kuongeza 8, ikawa 5.40. Wenzao watatu wanaowayumbisha nawapa muda mfupi kabisa, ili watoe mlio wa fimbo ikigusa ukingo wa kibao, kisha watoweke. Mtetemo wa juu lazima ufe haraka kuliko wa chini, la sivyo unapata chuma badala ya mti. Kosa hilo utalisikia katika marimba nyingi za vinanda vya dukani. Mwisho naweka kigezo kinachofanya noti za juu zififie haraka kuliko za chini, maana ndivyo vibao vifupi vinavyofanya.

Upimaji wa noti ulikuwa kikwazo kwenye mashine ya kwanza, ambayo haikuruhusu ngazi nyingine isipokuwa ile ya piano. Uwezo huo uliletwa na DX7II iliyofuata. Dexed inapokea faili la ngazi yoyote utakayoiandika. Niliandika hatua tano za senti 240, nikazipanga kwenye vitufe vyeupe, nikampelekea mzee mmoja anayepiga amadinda huko Mukono. Aliwahi kutumikia bendi ya polisi, na Kiswahili chake ni kile kilichonyooka cha kambini. Alisikiliza kwa muda mrefu, akaomba nirudie noti za chini.

"Mwanangu, mti umeupata," akasema. "Lakini vibao havisikilizani."

"Vipi, Mzee?"

"Kikubwa na mdogo wake wanasema neno moja. Sisi hatuwapi neno moja. Wakipigwa pamoja wanatakiwa wagombane kidogo, ndipo sauti inasimama."

Alikuwa anasema juu ya oktavu. Omunazi na omwawuzi hupiga kila noti kwa mikono miwili, kibao na mwenzake aliye mbali kwa vibao vitano, na mchonga amadinda haweki oktavu hiyo kuwa safi kabisa. Faili langu lilikuwa linarudia ngazi ileile kila baada ya senti 1,200, kwa hiyo kila jozi ilikubaliana kikamilifu, na kile alichokiita kugombana hakikuwapo. Nililiandika upya, safari hii bila oktavu ya kurudia: thamani kumi na mbili, kila kibao na yake. Mzee alikaa upande mmoja wa laptopu akiwa na fimbo mkononi na amadinda yake mbele yake, mimi upande mwingine, tukishusha senti chache hapa na kupandisha chache pale, jozi baada ya jozi. Jozi mbili za juu ndizo zilizotuchukua muda mwingi, kwa sababu omukoonezi hukaa hapo, na Mzee alitaka zikae juu kidogo kuliko nilivyodhani.

Baada ya hapo alianza kuuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na prodyuza yeyote wa Kampala. Alitaka kujua kama tunaweza kukikausha kibao zaidi, kama mti wa lusambya uliokaa miaka mingi jikoni. Tulipunguza muda wa opereta wa tatu, akatikisa kichwa. Tukaurudisha na kupunguza ule wa tano, akakubali. Kisha akauliza kama mashine inaweza kuwa na vibao ishirini na viwili, kwa kuwa alipokuwa kijana alisikia akadinda kubwa na tangu hapo hajakaa karibu na iliyokamilika. Vitufe 61 vya kinanda changu vinatosha na kubaki. Kazi iliyopo sasa ni kuzipata thamani za vibao hivyo kutoka masikioni mwa wale wanaozikumbuka, kibao kimoja kimoja, na kuziandika katika faili.